Windows 10 imefika mwisho: mashini za okazioni za Butembo na Beni zitafanyiwa nini?

Tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kampuni ya Microsoft haitoi tena marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, programu iliyoanza kutumika mwezi wa saba 2015 na inayoendesha sehemu kubwa ya kompyuta duniani. Ulaya na Marekani habari hiyo ilijadiliwa kama jambo la manunuzi: nani atabadilisha kompyuta, na lini. Kule Butembo na Beni swali ni lingine. Mashini nyingi hapa zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, ni okazioni, na mwenyewe hana mpango wala pesa ya kununua nyingine. Itakuwaje kwa mashini ambayo bado inawaka vizuri, lakini Windows 11 inaikataa?

Kati ya mafundi na wanafunzi wa informatika jibu linalorudi mara nyingi ni Linux, programu ya bure inayochukua nafasi ya Windows nzima. Jibu hilo ni la kweli kuliko wengi wanavyofikiri. Ila wanaolitoa husahau kusema kwamba katika miji hii miwili, shida kubwa ya Linux haiko ndani ya mashini. Iko katika kumpata mtu wa kuitengeneza saa mbili asubuhi, wakati mwanafunzi anasubiri kuchapa kazi yake na foleni imefika barabarani.

Kwa nini Windows 11 inakataa

Microsoft iliweka masharti makali zaidi kuliko zamani. Mashini lazima iwe na kifaa kidogo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, memori ya giga 4 au zaidi, nafasi ya giga 64 kwenye diski, na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo inaanza karibu yote na kizazi cha 8, yaani zile zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2017.

Kwa mnunuzi wa Butembo maana yake ni hii. HP EliteBook 840 G3, mashini ngumu yenye kibodi nzuri, ina prosesa ya kizazi cha 6: haimo. G4 ina kizazi cha 7: haimo. G5 imo. Lenovo ThinkPad T440 na Dell Latitude E6430, ambazo bado zinabeba kazi za ofisi bila kulalamika, ziko mbali kabisa na mstari. Kwa macho, G4 na G5 hazitofautiani sana juu ya meza ya muuzaji, lakini moja iko ndani na nyingine iko nje.

Kuna njia za ujanja za kulazimisha Windows 11 iingie kwenye mashini isiyokubaliwa, na mafundi wanazijua. Microsoft yenyewe inasema haihakikishi kwamba mashini hizo zitaendelea kupata marekebisho. Njia rasmi ni nyingine: mtu binafsi anaweza kuongezewa mwaka mmoja wa marekebisho ya Windows 10, hadi tarehe 13 mwezi wa kumi 2026, kwa kulipa dola 30 au, bila pesa, kwa kuhifadhi mipangilio yake kwenye mtandao wa Microsoft. Kwa vyovyote anahitaji akaunti ya Microsoft. Makampuni yanalipa dola 61 kwa kila mashini mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka mara mbili kila mwaka unaofuata.

Hapo ndipo hesabu inapogongana na maisha ya hapa. Njia hiyo imetengenezwa kwa mtu mwenye Windows halali na intaneti ya kudumu. Mashini nyingi za Congo zina Windows ambayo haikununuliwa, iliyowashwa kwa programu ya kuvunja kufuli. Tena, ili kuokoa mega, marekebisho yenyewe yalizimwa siku ileile fundi alipoiweka. Kwa mashini kama hiyo tarehe 14 haikubadilisha kitu. Ilikuwa bila ulinzi tangu zamani, na mwenyewe hakujua.

Ugonjwa unaosafiri kwa flashi

Wapo wanaouliza: kama tumeishi hivyo miaka yote, hatari iko wapi? Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwezi wa tano 2017, wakati virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Microsoft ilikuwa imetoa dawa miezi miwili kabla. Waliopigwa ni wale ambao hawakuiweka, au walitumia Windows za zamani.

Hata hivyo, kwa Butembo na Beni hatari ya kila siku ni ndogo kwa sura na inachosha zaidi. Inapita kwa flashi. Mwanafunzi anatoka na kazi yake ya mwisho wa masomo kwenye flashi, anaingia sekretaria publiki kuchapa, anaichomeka katika mashini iliyopokea flashi za watu wengi tangu asubuhi. Akirudi nyumbani anakuta folda zake zimegeuka kuwa vialama vidogo vyenye mshale, visivyofunguka. Anaamini kazi ya miezi imepotea. Mara nyingi haikupotea: virusi vimeficha folda za kweli na kuweka za uongo mahali pake, ili kila anayebofya aviambukize kwenye mashini yake.

Hapa Linux inaonyesha faida yake waziwazi kuliko mahali pengine popote. Flashi hiyo ikichomekwa kwenye mashini ya Linux, virusi vile, vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows, havipati pa kushika. Folda za kweli zinaonekana, mara nyingine baada ya kubofya vitufe viwili vya kuonyesha faili zilizofichwa. Mtu ananakili kazi yake, anafuta vialama, anaendelea na safari. Sekretaria yenye mashini tano ambayo ingetenga moja tu, ile kuukuu zaidi, kwa kazi ya kupokea flashi za wateja na kuzisafisha kabla hazijagusa nyingine, ingepunguza ugonjwa huo kwa kiasi kikubwa bila kununua antivirusi. Hiyo ni kazi ya mashini yenye memori ya giga 4.

Hii haina maana kwamba Linux haishambuliwi. Inashambuliwa, hasa kwenye seva za makampuni. Tofauti ni kwamba marekebisho yake hayana tarehe ya kulipia wala hayaulizi kama prosesa ni ya kizazi gani.

Jina linaloeleweka Kivu

Linux ina aina nyingi, na wingi huo huwachanganya wanaoanza. Kwa mtumiaji wa ofisi inatosha kujua chache. Ubuntu ilitoka mara ya kwanza mwezi wa kumi 2004, ikianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake lina mzizi mmoja na neno mtu la Kiswahili na omundu la Kinande. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, Ubuntu ilikuwa ikituma diski za CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na sura yake inafanana na Windows ya zamani, pamoja na kitufe cha kuanzia chini kushoto. Matoleo ya 22 ya Mint yatapata marekebisho hadi 2029. Zorin OS ilitoa toleo lake la 18 siku ileile Windows 10 ilipofungwa, na hilo halikutokea kwa bahati.

Lugha si kizuizi kikubwa kwa waliosoma Congo: zote zina Kifaransa kamili. Kwa Kiswahili kazi ilianzia Dar es Salaam, ambako mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye maneno ya Kiswahili. Haikuenea kama waanzilishi walivyotumaini.

Kuna mlango mmoja unaofungwa pia upande wa Linux. Mashini za bit 32, zile za kabla ya takriban 2007 pamoja na baadhi ya vilaptopu vidogo vilivyofuata, zinaachwa. Debian 13, iliyotoka mwezi wa nane 2025, haitoi tena njia ya kuiweka kwenye mashini hizo. Firefox nayo inaziaga mwaka 2026. Muuzaji anayesema Linux inafufua kila kitu anadanganya kidogo.

Mega, betri na Wi-Fi

Faili la kuweka Linux Mint lina karibu giga 3. Kwa mtu anayenunua mega za siku, hiyo ni pesa nyingi. Lakini faili hilo linapakuliwa mara moja tu. Mtu mmoja akilipata, mtaa mzima unaweza kuliweka kwa flashi ileile, na sheria inaruhusu. Hapo Linux ni nafuu kuliko Windows ya wizi, ambayo nayo ilipakuliwa na mtu fulani, ila hakuna anayejua ni nani wala alitia nini ndani.

Marekebisho ya kila wiki yanabaki kuwa gharama. Linux inamwachia mwenye mashini kuchagua siku ya kuyapakua, jambo ambalo Windows 10 ililifanya kuwa vita. Mwezi wa tano 2025 serikali ya Congo iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi, baada ya kuipiga marufuku mwaka uliotangulia. Chuo au shule inayopata antena moja inaweza pia kuweka mashini moja ya kuhifadhi marekebisho, nyingine zote zikayachukua pale bila kula mega mara ishirini.

Halafu zinakuja shida ndogondogo ambazo ndizo humrudisha mtu kwenye Windows wiki ya kwanza. Ya kwanza ni Wi-Fi. Kadi fulani, hasa za Broadcom zilizomo katika mashini za zamani, zinahitaji programu ndogo ya ziada ambayo lazima itoke kwenye intaneti, na intaneti haipo kwa sababu Wi-Fi haifanyi kazi. Fundi asiyejua anasema mashini haikubali Linux. Anayejua anaunganisha simu ya Android kwa waya wa kuchaji, anafungua kwenye simu sehemu ya kugawa mega kwa USB, na mashini inaiona simu kama waya wa intaneti. Dakika tano baadaye Wi-Fi inawaka.

Ya pili inashangaza zaidi. Mashini imewekwa Linux, intaneti ipo, lakini kila tovuti inasema muunganisho si salama. Mwenyewe analaumu Linux. Ukiangalia saa kwenye kona, inaonyesha mwaka 2012. Ni betri ndogo ya duara, CR2032, iliyokufa ndani ya mashini, jambo la kawaida kwa okazioni iliyokaa miaka kwenye kontena na ghala. Tovuti zinakataa kwa sababu kwa tarehe hiyo vyeti vyao havijazaliwa. Kubadilisha betri ni kazi ya fundi wa saa.

Ya tatu inauma zaidi wanafunzi. Kazi iliyoandikwa kwa Word ikifunguliwa katika LibreOffice, kurasa zinaweza kusogea: jedwali linavuka, orodha ya yaliyomo haifanani tena na namba. Mara nyingi sababu ni herufi. Linux haiji na Times New Roman wala Calibri za Microsoft, inaweka nyingine zenye upana uleule, na pale zinapokosekana ukurasa unavurugika. Dawa ni kuweka herufi hizo, na zaidi ya yote kuhifadhi kazi kama PDF nyumbani kabla ya kwenda kuchapa. Ushauri huo unafaa hata kwa wasiotaka kusikia neno Linux.

Ni nani hapaswi kuhama

Ofisi ya mhasibu inayotumia Sage isiharakishe. Programu hiyo, inayofundishwa na kutumika sana katika nchi za OHADA, imetengenezwa kwa Windows. Vivyo hivyo kwa printa fulani za Canon zinazosumbua, wakati nyingi za HP zinatambuliwa zenyewe.

Mifano ya nje inafundisha zaidi kuliko sifa. Jandarmeri ya Ufaransa leo ina karibu mashini laki moja zinazotumia Ubuntu iliyorekebishwa. Lakini haikuanza na Linux. Mwaka 2005 ilibadilisha kwanza programu ya kuandikia, ikaweka OpenOffice juu ya Windows ileile. Mwaka 2006 ikaleta Firefox. Ilipoanza kuweka Ubuntu, kuanzia 2008, askari walikuwa wakitumia tayari programu wanazozijua, kilichobadilika chini yake hawakukiona sana. Mji wa Munich nchini Ujerumani nao ulihamisha mashini zipatazo elfu 15, kazi ikakamilika 2013, lakini mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows, baada ya miaka ya malalamiko ya wafanyakazi na mabadiliko ya uongozi. Mashini zilikuwa zilezile. Waliobadilika ni watu waliokuwa nyuma ya mradi.

Kwa hiyo shule au ofisi ya Beni inayotaka kuhama ingeanza leo kwa kuweka LibreOffice na Firefox kwenye Windows iliyopo, bila kugusa kingine, na kuona baada ya miezi mitatu nani bado analia.

Jambo hili lina uzito wa pekee sasa. Tangu M23 ilipoteka Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, uongozi wa mkoa unafanya kazi kutoka Beni, na ofisi nyingine zimepanda kaskazini pamoja na watu. Majina ya familia zilizohamishwa na vita na karatasi za ardhi zinaandikwa kwa mashini hizihizi. Kuziacha wazi kwa virusi vya flashi ni kuhatarisha karatasi za watu waliokwisha kupoteza mengine.

Fundi anatoka wapi

Butembo ina vyuo kama Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanza 1989, na Chuo Kikuu Rasmi cha Ruwenzori. Beni ina UCBC, iliyofunguliwa 2007, inayofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Vijana wanaoweza kutengeneza Linux wapo. Tatizo ni kwamba ufundi wa mitaani unalipwa kwa kuweka Windows upya. Mteja analeta mashini iliyojaa virusi, analipa, anarudi baada ya miezi michache kwa ugonjwa uleule, analipa tena. Mashini iliyowekwa Linux vizuri hairudi upesi. Fundi mwenye watoto wa kulisha hana sababu ya kuipenda, na haifai kumlaumu.

Kinachoweza kubadilisha hesabu hiyo ni taasisi kulipa kwa mwezi badala ya kulipa kwa ugonjwa: shule yenye mashini kumi na tano na fundi mmoja mwenye mkataba, anayefaidika pale zinapokaa kimya. Bila hivyo Linux itabaki kwa wanafunzi wa informatika, wanaosaidiana wao kwa wao usiku mega zinapokuwa za bei nafuu.

Kinachokuja kupitia Kasindi

Makampuni ya Ulaya na Ghuba yanayoachana na Windows 10 yanatupa mashini za kizazi cha 6 na 7 zilizo nzima kabisa. Njia ya bidhaa hizo inajulikana: Dubai au Kampala, halafu mpaka wa Kasindi, halafu ile barabara ya Beni hadi Butembo ambayo usalama wake hauna uhakika. Kwa kuwa njia ya Goma imekatika, Kasindi inabeba zaidi. Ni jambo la kutarajia kwamba mashini hizo zitafika kwa wingi na kwa bei ya kuvutia, na baadhi zitauzwa zikiwa na Windows 11 iliyolazimishwa, ili mnunuzi asiulize.

Kwa anayejua atakachoweka ndani, hiyo ni nafasi nzuri: G3 ya bei ya chini yenye Linux Mint na diski ya SSD itafanya kazi ya ofisi kwa miaka. Kwa asiyejua, ni hasara.

Njia ya kujilinda ni rahisi na muuzaji hapotezi kitu. Linux inaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuwekwa na bila kugusa Windows iliyomo. Mnunuzi anaichomeka palepale dukani, anaona kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama kibodi ni AZERTY au QWERTY na herufi zote zinajibu, kama saa imesimama mwaka 2012. Inachukua dakika kumi, umeme ukiwepo. Flashi ya giga 4 inatosha.